Wembe Ni Nani?

ILDEFONCE: Haloo, nani mwenzangu? Ongea kwa sauti, nimo garini!

CLEMENTINA: Ni mimi, shemeji. Clementina.

ILDEFONCE: Katarina wa vitafunwa? Dada, zile sambusa zisipungue, maana jana uliniambia—

CLEMENTINA: Cle-men-ti-na. Mke wa Sebastian.

ILDEFONCE: Aaah! Shemeji yangu! Mjane wetu! Nisamehe, mtandao wa huku barabarani unakwaruza mno. Umeamkaje?

CLEMENTINA: Nimeamka salama. Za kwako?

ILDEFONCE: Nzuri, nzuri sana, Mungu ametufikisha. Leo ndiyo leo! Tangu ndugu yetu atutoke msimu ule wa majani kupukutika, mimi kama mwenyekiti wa jumuiya sijalala. Na leo Watanzania wote wa Toronto wanamuenzi Wembe wao. Umeshavaa? Kuna gari linakuja kukuchukua, usihangaike na basi. Mjane anaingia uwanjani wa mwisho kabisa, itifaki imezingatiwa.

CLEMENTINA: Mimi niko uwanjani tayari.

ILDEFONCE: Uwanja upi?

CLEMENTINA: Huu wa nyuma ya maghorofa yetu, hapa Flemingdon Park. Nimekuja na mabinti. Leo Jumamosi, Ilde. Kila Jumamosi asubuhi wana mazoezi hapa. Tumefika tunakuta hema, spika kubwa kama makabati, na wazee wamevaa bukta.

ILDEFONCE: Wale si wazee, shemeji. Ni kikosi rasmi. Wakongwe wa Wembe.

CLEMENTINA: Elinaza amefunga bandeji magoti yote mawili, na mechi haijaanza.

ILDEFONCE: Tahadhari tu hiyo.

CLEMENTINA: Basi huyo Elinaza wako, na bandeji zake, anawaambia watoto watoke. Anasema leo uwanja ni wa Kombe la Wembe.

ILDEFONCE: Sasa hapo, shemeji, amewaambia ukweli. Kibali cha manispaa tunacho, nimekifuatilia mwenyewe kwa mkono wangu. Siyo leo tu. Jumamosi zote mpaka baridi irudi. Tunataka wakongwe wawe na mahali pa kudumu pa—

CLEMENTINA: Jumamosi ya hapa ina wenyewe. Umeipataje?

ILDEFONCE: Ilikuwa wazi! Nimepiga simu, yule dada wa ofisini akaniambia nafasi ipo. Alikuwa nayo bwana mmoja miaka mingi, mwaka huu hakurudi kuiomba. Nikamwambia, basi tuandike sisi.

CLEMENTINA: [kimya]

ILDEFONCE: Shemeji? Umepotea?

CLEMENTINA: Nipo. Huyo bwana mmoja, hukuuliza jina lake?

ILDEFONCE: Sikuuliza, kwa sababu nili— Aah.

CLEMENTINA: Hakurudi kwa sababu alikuwa amekufa, Ilde.

ILDEFONCE: Haloo? Haloo? Mtandao huu jamani—

CLEMENTINA: Mtandao mzuri tu. Nakusikia unavyohema.

ILDEFONCE: Shemeji, nakuapia sikujua. Nilijua anafundisha fundisha vitoto. Sikujua ndiyo pale. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji, unamjua.

CLEMENTINA: Namjua. Alikuwa anatoka zamu ya usiku kule Malton, kwenye mizigo ya ndege, anapanda basi moja kwa moja mpaka hapa. Nyumbani hapiti. Namletea chai kwenye chupa, anakunywa huku anapanga koni za mazoezi. Wewe mara ya mwisho kufika hapa lini?

ILDEFONCE: Mimi ni mtu wa Brampton, shemeji. Unajua umbali.

CLEMENTINA: Malton na Brampton zinapakana.

ILDEFONCE: Tuyaache hayo. Tutafute ufumbuzi. Mimi ni mtu wa ufumbuzi. Mabinti wako wangapi?

CLEMENTINA: Timu nzima na wa akiba.

ILDEFONCE: Safi kabisa! Tutawafanya kikundi cha hamasa. Wanapanga mstari pembeni, wanapewa vibendera, mgeni rasmi akishuka wanapiga makofi. Watafurahi sana. Tena watapata fulana bure.

CLEMENTINA: Fulana zenyewe ndizo hizi zenye picha?

ILDEFONCE: Umeziona? Eeh? Nilimwambia mchapaji, picha iwe kubwa, ijae kifua chote. Nimeitoa kwenye ile picha ya timu ya Chuo cha Ualimu Nyamwela. Umeona alivyokuwa kijana! Lile tabasamu!

CLEMENTINA: Huyu siyo mume wangu.

ILDEFONCE: Shemeji, miaka imepita, sura hubadili—

CLEMENTINA: Huyu ni refa.

ILDEFONCE: Refa?

CLEMENTINA: Refa wa mechi. Picha hiyo iko ukutani kwangu. Seba amechuchumaa mbele, chini kushoto. Huyu aliyesimama nyuma ni refa. Ana filimbi shingoni, Ilde. Inaonekana kabisa.

ILDEFONCE: Tulidhani ni medali.

CLEMENTINA: [anacheka, halafu anaacha ghafla]

ILDEFONCE: Fulana mia mbili. Mheshimiwa, fulana zina refa. Eeh, refa. Hapana, siyo wewe, shemeji, namwambia mgeni rasmi.

CLEMENTINA: Uko naye hapo?

ILDEFONCE: Ndiye anayeendesha. Bwana Mohamedraza, wa magodoro. Tumepanda gari lake la dukani, maana kombe halikuingia kwenye gari langu. Mimi niko nyuma nimepakata keki. Tumekwama kwenye barabara kuu ya 401, magari yamesimama kama yameegeshwa.

CLEMENTINA: Msalimie. Na lile bango nimeliona. Limeandikwa Magodoro ya Mohamedraza kwa herufi za kufika angani, Wembe yuko chini, karibu na namba ya simu.

ILDEFONCE: Mdhamini ni mdhamini.

CLEMENTINA: Na mimi humo kwenye ratiba yenu nafanya nini?

ILDEFONCE: Una nafasi ya heshima sana! Baada ya dakika ya kimya, baada ya hotuba yangu, hotuba ya katibu, na historia fupi ya marehemu, ambayo pia nasoma mimi. Hapo mjane anasimama, anapunga mkono.

CLEMENTINA: Halafu?

ILDEFONCE: Halafu anakaa.

CLEMENTINA: Hiyo historia inasemaje?

ILDEFONCE: Shemeji, utalia! Fainali ya vyuo, Dodoma, mwaka themanini na nane. Mvua inamwagika kama bomba limepasuka. Wembe mguu umevunjika, anakataa kutoka, anachukua mpira katikati ya uwanja—

CLEMENTINA: Mvua Dodoma? Mwezi wa tisa?

ILDEFONCE: Ilikuwa... manyunyu.

CLEMENTINA: Na mguu haukuvunjika. Aliteguka baada ya mechi, wakati wa kushangilia. Alirukia ndoo ya maji.

ILDEFONCE: Shemeji, hii ni legasi. Legasi lazima iwe na nyama kidogo.

CLEMENTINA: Ngoja. Ngoja kidogo, usikate. [sauti za watu, kelele] Kagendo ameweka kiti chake katikati ya uwanja.

ILDEFONCE: Nani?

CLEMENTINA: Kagendo, yule Mkenya, mama wa golikipa wetu. Ameweka kiti kile cha kukunja pale pale kwenye duara la katikati, na amekaa. Elinaza anamwambia ainuke. Anamjibu, "Buda, hapa sitoki ng'o." Na Amandine, mama wa mapacha, anawasemesha watu wa hema Kifaransa. Sielewi anachosema lakini wameshaanza kukunja meza.

ILDEFONCE: Shemeji, tafadhali! Wewe ndiye mwenye marehemu. Sema neno moja tu, watakusikia. Waambie watu wetu wasije wakatuaibisha mbele ya—

CLEMENTINA: Neno ninalo. Bango lishuke.

ILDEFONCE: Bango?

CLEMENTINA: Jina ni la mume wangu. Kama mabinti hawachezi, hakuna Kombe la Wembe. Liiteni kombe la magodoro, liiteni kombe la refa, mtakavyo. Na mimi sisimami wala sipungi mkono.

ILDEFONCE: Clementina, usinifanyie hivyo. Nimealika watu kutoka Ottawa. Kwa nini usiwaeleze hao watoto taratibu? Wao ni watoto, wataelewa. Waambie ni heshima ya kocha wao!

CLEMENTINA: Unajua Gift ameniuliza nini sasa hivi?

ILDEFONCE: Gift yupi tena?

CLEMENTINA: Nahodha wao. Binti wa ghorofa ya kumi na tatu. Amelitazama bango, ametazama fulana, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Auntie, huyu Wembe ni nani?"

ILDEFONCE: Hawamjui?

CLEMENTINA: Wanamjua Kocha Seba. Wembe hawajawahi kumsikia. Wanadhani leo mmekuja kumsherehekea mtu mwingine, na kwa ajili ya huyo mtu mwingine wao wanafukuzwa kwenye uwanja wa kocha wao.

ILDEFONCE: Lakini... hakuwaambia? Miaka yote hiyo? Goli la Dodoma? Magazeti yaliandika!

CLEMENTINA: Hakuwaambia.

ILDEFONCE: Mimi ningewaambia siku ya kwanza.

CLEMENTINA: Najua, shemeji.

[mtandao unakwaruza]

ILDEFONCE: —sikia, basi, wiki ijayo nitaita kikao cha dharura cha kamati ndogo ya viwanja, halafu kamati hiyo itapeleka mapendekezo—

CLEMENTINA: Ilde. Niweke kwenye spika.

ILDEFONCE: Ya nini?

CLEMENTINA: Nimsalimie mgeni rasmi mwenyewe.

ILDEFONCE: Yuko kwenye usukani, shemeji, asisumbuliwe—

CLEMENTINA: Umesema magari yamesimama. Niweke.

ILDEFONCE: Haya. Uko hewani. Mheshimiwa, huyu ni mjane.

CLEMENTINA: Salaam aleikum, Bwana Mohamedraza. Ahsante kwa udhamini wako. Mimi nataka kukuambia tu, Shafina hajambo. Nimempa koti langu, asubuhi hii kuna upepo. Amekaa pembeni kwenye nyasi na wenzake, wanangoja waambiwe kama watacheza ama warudi nyumbani.

ILDEFONCE: Shafina ni nani? Mheshimiwa, mbona umegeu— Mheshimiwa, tazama mbele! Anauliza, Shafina wake? Mjukuu wake?

CLEMENTINA: Huyo huyo. Winga wa kulia. Seba alikuwa anasema binti yule ana mguu kama upepo.

ILDEFONCE: Anasema mama yake alimwambia anakwenda masomo ya ziada Jumamosi. Mheshimiwa, taratibu. Anauliza nani amemtoa mjukuu wake uwanjani.

CLEMENTINA: Mwambie ni kamati yake.

ILDEFONCE: Siwezi kumwambia hivyo!

CLEMENTINA: Ameshasikia. Uko kwenye spika.

ILDEFONCE: [kwa mbali] Hapana, Mheshimiwa... ndiyo, Mheshimiwa... hilo ndilo nililokuwa nataka kupendekeza, Mheshimiwa... [karibu] Shemeji, nimekutoa kwenye spika. Kamati imekaa.

CLEMENTINA: Imekaa lini?

ILDEFONCE: Sasa hivi. Imeamua mabinti wacheze. Wakongwe dhidi ya mabinti, mechi ya ufunguzi. Na haya yalikuwa mawazo yangu tangu mwanzo, nilikuwa natafuta tu namna ya kuyaweka.

CLEMENTINA: Na Jumamosi zinazofuata?

ILDEFONCE: Hizo tutazungumza.

CLEMENTINA: Nimrudie Bwana Mohamedraza?

ILDEFONCE: Zao! Zao! Jumamosi ni zao. Jumatatu napiga simu ofisini, kibali kinageuzwa, kinaandikwa jina la timu. Siyo la mtu. La timu. Umeridhika?

CLEMENTINA: Jumatatu tunapiga pamoja. Nitakuwa pembeni yako.

ILDEFONCE: Mwanamke wewe. Hata Seba alikuwa anakuogopa.

CLEMENTINA: Kidogo. [anaita kwa mbali] Elinaza! Mwenyekiti amesema waingie! Ndiyo, wacheze na nyie! Kagendo, toa kiti, mama, tumeshinda! [filimbi] Haya, wameanza.

ILDEFONCE: Wameanza? Bila mimi? Bila dakika ya kimya?

CLEMENTINA: Mabinti walishakaa kimya asubuhi yote.

ILDEFONCE: Waambie vijana wangu wasiwaumize watoto. Wacheze kwa adabu.

CLEMENTINA: Nitawaambia. [kelele kubwa, vigelegele]

ILDEFONCE: Nini hicho?

CLEMENTINA: Goli.

ILDEFONCE: La nani?

CLEMENTINA: La Gift. Elinaza bado anageuka.

ILDEFONCE: Anageuka kwenda wapi?

CLEMENTINA: Alipigwa chenga, sasa ndiyo anamalizia kugeuka.

ILDEFONCE: Mungu wangu. Mapema hivyo! Waambie warudi nyuma, wabane katikati, yule katibu asipande. Jamani, gari hili lisogee! Nikifika tu naingia, nitawatuliza, nitashika dimba—

CLEMENTINA: Unaingia? Na wewe unacheza?

ILDEFONCE: Dakika chache tu. Kuonyesha mshikamano.

CLEMENTINA: Shemeji, nikuulize kitu. Humu kwenye mfuko wa jezi, Elinaza amegawa zote. Ilibaki moja. Alisema hiyo haiguswi, ni ya mwenyekiti.

ILDEFONCE: Ni mambo ya saizi tu. Unajua tumbo hili.

CLEMENTINA: Ni namba kumi.

ILDEFONCE: [kimya]

CLEMENTINA: Ilde?

ILDEFONCE: Nipo.

CLEMENTINA: Namba ya Seba.

ILDEFONCE: Nilikuwa mshambuliaji, Clementina. Watu wanasahau. Tulikuwa washambuliaji wawili pale chuoni, namba ni moja. Mechi zote za mwaka ule nilivaa bukta, nikafunga kamba za viatu, nikapasha misuli. Kila mechi. Dodoma ile, mama yangu alikuja kwa treni kunitazama.

CLEMENTINA: Hukuwahi kuniambia.

ILDEFONCE: Ningekuambia nini? Kwamba alinitazama nimekaa? Nilisema leo, kwa kuwa ni sherehe, na mwenyewe hayupo... basi hata dakika tano. Ni upuuzi. Najua ni upuuzi.

CLEMENTINA: Sikusema kitu.

ILDEFONCE: Shemeji, naomba nikuulize. Kama hutaki usijibu. Kule nyumbani, mkikaa tu, wewe na yeye... aliwahi kunitaja?

CLEMENTINA: Alikutaja sana.

ILDEFONCE: Kwa ubaya?

CLEMENTINA: Alisema hilo jina la Wembe ni lako. Ulilitunga wewe.

ILDEFONCE: Hilo kweli. Nilikuwa naliimba benchi. Nilikuwa na ndoo, naipiga hivi, Wembe! Wembe! Uwanja mzima ukalishika.

CLEMENTINA: Alisema kwenye ile fainali, kipindi cha pili, pumzi zilimwisha kabisa. Alikuwa ameshamtazama mwalimu ili ainue mkono, aombe kutoka.

ILDEFONCE: Kutoka?

CLEMENTINA: Eeh. Mkono ulikuwa unainuka. Akasikia ndoo. Akakuona umesimama juu ya benchi, unaita jina lake, mishipa ya shingo imekutoka. Akaona aibu. Akaushusha mkono. Ndipo akafunga lile goli.

ILDEFONCE: [kimya]

CLEMENTINA: Shemeji? Huo ni mtandao au ni wewe?

ILDEFONCE: Ni mimi. Angetoka, ningeingia.

CLEMENTINA: Ndiyo.

ILDEFONCE: Nilikuwa wa akiba wa kwanza. Hakukuwa na mwingine. Ningeingia mimi, mama yangu yuko jukwaani.

CLEMENTINA: Ndiyo, Ilde.

ILDEFONCE: Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu na ndoo yangu—

CLEMENTINA: Alikuwa akifika hapo anacheka mpaka machozi. Halafu anasema, "Usimwambie Ilde mpaka nife."

ILDEFONCE: [anaanza kucheka, sauti inakatika] Mshenzi yule. Mshenzi kabisa! Mheshimiwa, hapana, silii, ni hii keki, imenimwagikia sukari machoni.

CLEMENTINA: Pole, shemeji.

ILDEFONCE: Pole na wewe. Sijakupa pole vizuri tangu msiba. Nilikuja na kamati, nikasoma risala.

CLEMENTINA: Ukurasa wa tatu nilisinzia.

ILDEFONCE: [anacheka] Na hiyo ni baada ya kuipunguza. Haya, magari yanasogea! Yanasogea! Mheshimiwa, shika njia ya kulia. Shemeji, ile jezi, wape hao watoto. Mpe huyo Gift.

CLEMENTINA: Nimeshampa muda mrefu. Imemfika magotini, ameichomekea.

ILDEFONCE: Umempa kabla hujaniuliza?

CLEMENTINA: Goli lile alifunga amevaa nini?

ILDEFONCE: Nyie watu wa Flemingdon Park! Basi mimi nikifika nifanye nini? Hotuba huitaki, historia ina mvua, fulana zina refa. Nikate keki nikalale?

CLEMENTINA: Wakongwe wako wanafungwa la pili muda si mrefu, na hakuna mtu hata mmoja anayewashangilia. Benchi lina nafasi, shemeji. Kelele unazijua.

ILDEFONCE: Niwashangilie wakongwe?

CLEMENTINA: Mshangilie unayemtaka. [simu inalia mlio wa chaji kuisha] Simu yangu inazima.

ILDEFONCE: Usikate! Huyo Gift, jina la uwanjani analo? Watoto lazima wawe na jina la uwanjani, mtu haitwi tu Gift—

CLEMENTINA: Hana! Njoo umtazame kwanza! Tumepata kona, Shafina anapiga, nakukatia—

ILDEFONCE: Anapiga kwa mguu gani? Clementina? Kwa mguu ga—